Nusu ya Maneno ya Daktari

Paliondokea mvuvi mmoja pale Kashikishi, mji wa soko la samaki ulio ufukweni mwa Ziwa Mweru, wilayani Nchelenge, kaskazini mwa Zambia. Jina lake halihitajiki, maana kisa hiki si cha mtu mmoja. Kimesukwa kutokana na mambo yanayowapata wengi wenye kisukari, na kinasimuliwa ili kiwafae wao pamoja na wanaowapikia.

Mzee huyo alikuwa na mitumbwi miwili na nyavu za chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru wanaovuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Alikuwa pia na mpwa, mtoto wa dada yake, aliyekwenda naye ziwani kila usiku. Watu wengi wa bonde la Luapula hufuata ukoo wa mama, na mjomba ni mtu mzito. Akisema, mpwa husikiliza. Akikosea, mpwa hutazama pembeni.

Ugonjwa ulimwingia polepole. Kiu haikukatika, usiku aliamka mara kwa mara kwenda haja ndogo, na nguo zikaanza kumpwaya ingawa alikula kama kawaida yake. Kidonda cha kuchomwa na ndoana mguuni kilikataa kufunga. Mkewe ndiye aliyemsukuma hadi hospitali. Sukari yake, iliyopimwa asubuhi kabla hajatia kitu kinywani, ilikuwa milimoli 14 kwa lita. Kipimo cha namna hiyo kikifika 7 tayari huhesabiwa kisukari.

Akapewa vidonge vya aina mbili, metformini na glibenklamidi, na daktari akazungumza naye bila haraka: “Baba, punguza ubwali. Donge lako liwe la ukubwa wa ngumi, basi. Nafasi inayobaki kwenye sahani ijaze samaki na mboga za majani. Sukari na vinywaji vitamu achana navyo. Na siku utakapobadilisha chakula zaidi ya hapo, njoo utuambie kwanza, kwa sababu dozi hii imepangwa kwa mtu anayekula.”

Mzee aliitikia yote. Lakini aliyoyafikisha nyumbani ni nusu tu, yale ya chakula. Sentensi ya mwisho aliiacha mlangoni mwa hospitali.

Ushauri wa daktari ulikuwa wa haki kabisa. Ubwali wa Nchelenge, yaani ugali wa huko, ni wa unga wa mihogo, mihogo iliyolowekwa majini hadi ikalainika, ikaanikwa na kutwangwa. Katika unga huo zaidi ya sehemu nane kati ya kumi ni wanga mtupu, na protini ni kidogo mno. Wanga ukifika tumboni hugeuka sukari na kuingia kwenye damu. Mtu mwenye afya ana kongosho linalotoa insulini ya kutosha kuipokea sukari hiyo na kuipeleka mwilini. Mwenye kisukari cha aina ya pili insulini yake haitoshi, au mwili hauitii. Madonge manne makubwa ya ubwali yakishuka, damu yake hujaa sukari isiyokuwa na pa kwenda, na sukari hiyo ndiyo inayoharibu macho, figo na mishipa ya miguu mwaka hadi mwaka. Kupunguza wanga ni kuupunguza mzigo pale unapoanzia. Mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kilipopitia tafiti za mitindo ya kula, kilisema kupunguza wanga ndiko kulikoonyesha ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari ya damu.

Jioni ya kwanza mkewe alitenga chakula kama alivyoagizwa: samaki mzima wa aina iitwayo pale, katapa (majani ya mihogo) iliyoungwa kwa karanga, na pembeni donge moja dogo. Mzee alilitazama lile donge kama aliyetukanwa.

“Mama, hiki ndicho chakula cha mwanamume anayevuta nyavu?”

“Ndicho alichosema daktari, Baba.”

Wala tusimcheke. Audrey Richards, mtafiti Mwingereza aliyeishi na Wabemba wa kaskazini mwa Zambia miaka ya 1930 na kuandika juu ya vyakula vyao, alieleza jinsi mtu alivyoweza kutafuna mahindi ya kuchoma kutwa nzima kisha akasema hajala, kwa sababu ubwali haujapita. Anayemwambia mtu wa namna hiyo apunguze ubwali amegusa heshima yake na pia ya mke aliyempikia.

Basi mzee akatafuta upenyo. Akanunua unga mweupe wa mahindi dukani, akasema kilichokatazwa ni mihogo. Unga huo nao sehemu kubwa ni wanga. Asubuhi alikula viazi vitamu kwa chai, kwa kuwa viazi si ubwali. Mchana alikunywa munkoyo wenye sukari, kwa kuwa kinywaji si chakula. Alipoulizwa hospitalini anakulaje, alijibu, “Nafuata kama mlivyoniambia.” Wahudumu wakatazama kipimo, wakaona sukari haijashuka, wakaamini maneno yake. Wakafanya ambacho mhudumu yeyote angefanya kwa mgonjwa anayefuata masharti na bado haponi: wakaongeza dozi ya glibenklamidi.

Hapo ndipo mtego ulipotegwa, na aliyeutega ni yeye mwenyewe kwa ulimi wake. Dozi mpya ilipimwa kwa mtu anayekula kidogo, wakati yeye alikuwa anakula sana.

Haukupita muda, jirani yake akakatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Mzee akashikwa na hofu. Wakati huohuo akaja mgeni kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, akamsimulia habari za mtu aliyeacha wanga wote na sukari yake ikatulia. Mzee akaapa. Kuanzia kesho yake, hakuna ubwali, hakuna kiazi, hakuna munkoyo. Samaki na majani tu. Safari hii alitimiza neno lake, na sukari ikaanza kushuka kweli. Akajisikia mwepesi. Akaona asiende hospitalini kwanza, ili siku ya kipimo awashangaze kwa namba nzuri. Vidonge akaendelea kumeza vilevile, vyote, kila siku.

Jioni moja alimeza vidonge, akatafuna kipande cha samaki kwa haraka, akaondoka kuvua.

Usiku wa manane, upepo ukiwa baridi, mpwa aliona jasho likimtiririka mjomba wake shingoni hadi shati likagandamana na mgongo. Mikono ilimtetemeka akashindwa kuikaza kamba ya taa. Akaifunga, ikafunguka, akaifunga tena mahali pasipo pake. Alipoulizwa kama yu mzima, alifoka maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Mpwa akadhani mjomba amekunywa pombe. Kisha akaogopa kwamba ni uchawi. Mawazo hayo yote mawili yalimfunga mdomo, kwa kuwa mpwa hamwambii mjomba wake kuwa amelewa, wala hataji uchawi usiku katikati ya maji. Mvuvi wa mtumbwi wa jirani, ambaye mama yake alikuwa na kisukari, ndiye aliyepaza sauti: “Sukari imemwishia huyo! Mpeni sukari!” Wakakoroga sukari ya chai kwenye kikombe cha maji, wakamnywesha angali anaweza kumeza. Baada ya muda akatulia, akawatambua.

Walipofika ufukweni mkewe alitaka aende hospitali saa hiyohiyo. Mzee akasema, “Nimepona. Nataka kulala.” Akalala bila kula.

Hakujua, na nyumbani hakuna aliyejua, kwamba glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu. Kidonge kimoja kinaweza kulisukuma kongosho litoe insulini kwa muda wa siku nzima, na kwa mzee au mtu ambaye figo zake zimechoka, zaidi ya hapo. Sukari ya kikombe kimoja huisha mapema, dawa ikabaki kazini. Ndiyo maana mtu aliyezidiwa na dawa hii, hata akizinduka na kucheka, hupelekwa hospitali na kuangaliwa, kwa kuwa anaweza kuzama tena.

Alfajiri mkewe alimkuta anakoroma kwa namna isiyo ya usingizi. Akamtikisa, hakuamka. Akajaribu kumtia uji mdomoni, ukamwagika, na kwa bahati haukumwingia mapafuni. Hospitali waliipigania roho yake wakaiokoa. Lakini ubongo huishi kwa sukari, na wake ulikuwa umekaa saa nyingi bila chakula chake. Mzee alirudi nyumbani akiwa anasahau majina ya watoto, na mikono iliyojua kila fundo la wavu haikujua tena pa kuanzia. Hakurudi ziwani. Mitumbwi iliuzwa.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Mzee huyu hakuuficha ugonjwa wake; alificha sahani yake, na ikawa ni yaleyale.

Somo la kwanza ni hilo: mhudumu hukupimia dawa kwa kufuata chakula unachomwambia. Ukisema uongo kuhusu ubwali, dawa nayo itapimwa kwa uongo. Kama ngumi moja imekushinda, sema imenishinda. Hakuna aibu. Pana njia ya kushuka kidogokidogo, na wao wanaijua.

Somo la pili linahusu wenye bidii, wale wanaotaka kuacha wanga wote kwa siku moja. Mlo wa wanga kidogo si jambo la juzi. Mwaka 1797 daktari wa jeshi aliyekuwa Mskoti, John Rollo, aliandika jinsi alivyomtibu kapteni mmoja mwenye kisukari kwa nyama na mafuta. Kabla ya insulini kugunduliwa mjini Toronto mwaka 1921, chakula kilikuwa karibu ndiyo tiba yote. Lakini wagonjwa wa zama hizo hawakuwa na vidonge wala sindano za kushusha sukari. Leo unavyo. Chakula kinashusha, na dawa inashusha. Mlo ukibadilika sana, dozi hupaswa kubadilika pamoja nao, na wa kuibadilisha ni daktari wako. Wanaotumia insulini au vidonge vya jamii ya glibenklamidi wako hatarini zaidi. Metformini peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi.

Somo la tatu ni la nyumba nzima. Jasho baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa na ukali usio na sababu ni dalili za sukari kushuka, hasa ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita. Mpe mgonjwa vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, au nusu kikombe cha soda yenye sukari. Subiri dakika 15. Asipopata nafuu rudia. Akipata nafuu ale chakula, kisha mumpeleke hospitali. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu chochote mdomoni. Mlazeni ubavu mkimbie naye. Na mpwa akiona mjomba anayumba, aseme. Heshima ya namna ile ilimgharimu mzee wetu dakika ambazo hakuwa nazo.

Na chakula? Nchelenge ina chakula cha mwenye kisukari kuliko miji mingi mikubwa. Samaki hana wanga, awe pale mbichi au chisense wakavu wanaopimwa kwa makopo sokoni. Waliotiwa chumvi waloweke na kumwaga maji, hasa kama una shinikizo la damu. Mihogo yenyewe, ambayo mizizi yake imejaa wanga, majani yake ni mboga nzuri. Ndiyo katapa hapa, kisamvu Tanzania, na sombe kwa ndugu waliovuka kutoka Kongo na kupokewa katika makazi ya Mantapala wilayani humu tangu 2018. Yatwangwe na kuchemshwa sana ili sumu yake iishe. Majani ya maboga, mchicha na bamia yakiungwa kwa karanga yanashibisha kweli, maana karanga ina mafuta na protini nyingi. Mvua zikija kuna uyoga. Mayai na kuku havina neno. Donge la ngumi libaki pale pembeni kama daktari alivyoruhusu, na liliwe mwisho, samaki na mboga vikiwa vimetangulia.

Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa, na samaki hupanda bei. Huo ndio msimu ambao wengi hurudia sahani ya ubwali mtupu. Jiwekee chisense wakavu na karanga mapema. Maharage yanasaidia pia. Yana wanga, lakini huingia kwenye damu polepole, kwa hiyo yapimwe.

Mama unayepika, usione haya kutenga donge dogo. Umeandaa samaki, umeandaa mboga, umelisha. Nawe unayemeza vidonge vya kisukari leo, kabla hujabadilisha sahani yako, nenda kamwambie daktari unachokula kweli na unachotaka kuacha, na umwulize dawa ipunguzwe vipi. Ushauri wa daktari ni mmoja, chakula na dawa kwa pamoja. Ukichukua nusu yake, umechukua hatari nzima.