Kunga na Kasi ya Uvumbuzi

Wanaojadili kwa nini uvumbuzi hudorora miaka mingi kisha ghafla ukaenda mbio, aghalabu hutaja mojawapo ya mambo matatu: dhiki, kipaji au uhuru. Migodi ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, inayatia shaka yote matatu.

Dhiki ilikuwapo. Migodi ya shaba na bati ilijaa maji, na makaa ya mawe ya kuendeshea mashine za mvuke zilizoyavuta yaliletwa kwa vyombo kutoka Wales, kwa bei ghali. Kipaji kilikuwapo pia: Richard Trevithick, mzaliwa wa huko huko, alikwisha kujaribu mvuke wa shinikizo kubwa kabla ya 1800. Basi labda kilichokosekana ni uhuru, kwani James Watt alikuwa na hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi wake, tangu 1769, na Bunge likairefusha hadi 1800.

Mwaka huo hataza ikaisha. Je, mbio zilianza? La. Kwa takriban miaka kumi hali ya mashine ilizidi kuwa mbaya, kila fundi na kunga yake. Wapenzi wa uhuru huipita miaka hiyo upesi mno.

Mabadiliko yalikuja 1811, pale Joel Lean alipoanza kupima mashine za migodi na kuchapisha kila mwezi: hii imeinua maji kiasi gani kwa kipimo kimoja cha makaa, imeundwa vipi, fundi wake nani. Sifa na aibu zikawa hadharani. Aliyeshindwa mwezi huu aliona alichofanya mwenziwe, akakiiga, akakiongeza. Katika miaka thelathini kazi iliyopatikana kwa makaa yale yale ilifika takriban mara tatu. Wapenzi wa ushairi hawatastaajabu. Miaka hiyo hiyo Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa akijibizana kwa beti na malenga wa Lamu, na kila jibu lilimlazimisha mwenziwe kutunga vizuri zaidi. Mficha uchi hazai.

Hata hivyo, anayewataka mafundi watoe kunga zao hana budi kujibu suala la riziki yao. Kunyamaza hapo ni dhulma. Trevithick hakuichukulia hataza mashine yake ya 1812, ambayo wengi waliifuata. Wenye migodi walivuna akiba ya makaa. Yeye alikufa fukara mwaka 1833. Watt, aliyewazuia wenziwe kwa sheria, alikuwa amekufa tajiri mwaka 1819.