Sindano ya mtoto, kifua cha mzee



Wako wazazi hapa Ubwari wasemao: "Mtoto wangu mzima, hakohoi. Achomwe sindano ya nini? Namtegemea Allah."

Wavuvi wetu nao humtegemea Allah, na bado hufunga mtumbwi kabla ya upepo wa ziwa. Hatujasikia mtu akiitwa mpungufu wa imani kwa ajili ya kamba.

Lakini jambo lenyewe ni zito zaidi ya hapo. Chanjo ya pneumokoki, kijidudu kinacholeta homa ya mapafu na ya uti wa mgongo, ilianza kutolewa nchini Kongo mwaka 2011. Mtoto huipata akiwa na wiki 6, 10 na 14, na hupaswa kuwa bure. Wazee hawamo katika ratiba hiyo. Kijidudu hicho hukaa puani na kooni mwa mtoto asiyeumwa kabisa. Anacheka, anapakatwa na babu yake, anamkoholea usoni. Mtoto aliyechanjwa hupunguza sana kubeba zile aina ambazo chanjo inazizuia.

Basi ukikataa, umekataa kwa niaba ya nani? Mali ya jirani hatuigusi bila idhini yake. Pumzi yake je, naye tunaswali naye safu moja?

Mwenye hofu tusimtukane. Homa kidogo baada ya sindano hutokea, muuguzi aulizwe. Kituo kikiishiwa dawa, mzazi hana lawama. Ikiwa dawa ipo, kadi ya mtoto wako iko wapi?