Anayeimba na Anayetumwa

Novemba 2018, mjini Minsk, Wales iliingia kwa mara ya kwanza kwenye Junior Eurovision, shindano la nyimbo la watoto lililoanza Copenhagen mwaka 2003. Msichana wake aliimba kwa Kiwelshi, lugha ambayo katika karne ya 19 wanafunzi waliadhibiwa kwa kuizungumza shuleni, akawa wa 20 kati ya nchi 20. Usiku uleule Kazakhstan, ngeni pia, ilishika nafasi ya sita. Bendera ya Tanzania haijawahi kupanda jukwaa lile, lakini swali lake liko Arusha tayari, shule za msingi zinapopeleka kwaya kwenye mashindano yao ya UMITASHUMTA na sharika za Meru zinapopambanisha kwaya zao: mtoto akishindwa, nani ameshindwa? Mimi nasema mtoto anaweza kushindana, ila hawezi kuwakilisha, na sisi wakubwa tunayachanganya mambo hayo mawili kwa faida yetu.

Uwakilishi Wameru wanaujua. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu takribani watu 3,000 Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Watu wakachangishana, wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kudai ardhi yao. Hakurudi na ardhi. Lakini alikuwa mwakilishi kamili: alijua anachodai, alikubali kutumwa, angeweza kukataa, na waliomtuma wangeweza kumhoji. Ukiondoa hayo, kinachobaki ni kupelekwa tu. Mtoto wa miaka 11 hatumruhusu kupiga kura wala kutia sahihi mkataba wa pikipiki. Hadhi ya nchi nzima tunamtwisha kwa idhini ya nani?

Wapo watakaosema kosa linaanza mapema zaidi: wimbo wa kanisani ni sala, na sala haipewi alama. Nawaelewa, ila siwafuati. Mashindano ya Qur'ani hufanyika nchini wakati wa Ramadhani, watoto wakiwamo, na majaji husikiliza hifdhi na tajwidi. Nia hawaigusi, kwa kuwa nia haina hakimu hapa duniani. Kwaya ni vivyo hivyo. Mwalimu anatoa sauti, soprano wanaingia, alto wanachelewa nusu pigo, na penseli ya jaji inaandika kuchelewa kule. Alama iliyokatwa ni ya mwendo. Imani ya mtoto haikuingia kwenye karatasi. Na ule wimbo wa lazima, unaoimbwa na kila kwaya, naupenda kwa sababu unaonyesha nani alifanya mazoezi na nani alitegemea sare mpya. Wala ushindani wa nyimbo si jambo geni kwetu. Vikundi vya Marini na Arinoti vilitambiana kwa ngoma ya beni, Black Star na Lucky Star wa Tanga wakarushiana vijembe kwa taarabu. Hao lakini walikuwa watu wazima, wameingia wenyewe ugomvini.

Pingamizi zito zaidi limetoka kulekule Ulaya. Denmark, iliyoandaa shindano la kwanza, ilijitoa baada ya 2005 pamoja na Norway, kwa hoja kwamba watoto wanabebeshwa shinikizo kubwa mno. Waandaaji nao walikuwa wamebuni dawa yao: kuanzia 2005, kwa miaka kadhaa, kila nchi ilianza na pointi 12 mkononi, asiwepo mtoto wa kurudi na sifuri. Huruma hiyo ni nzuri, ila inatibu mahali pasipouma. Watoto hushindana kutwa, kwenye rede na kuruka kamba, na aliyetolewa leo kesho yumo tena. Anachoshindwa kukibeba ni nyuso za wakubwa waliomwambia kwamba nchi inamtazama. Utaniambia mtoto mwenyewe huipenda bendera, hujifunga mabegani na kukimbia nayo. Ni kweli. Hupenda pia kuvaa viatu vya baba yake, na hakuna anayemtuma navyo shambani. Utaniambia tena kwamba bila bendera hapatikani mfadhili wa nauli. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo maana nimesema tunachanganya mambo kwa faida yetu.

Wales, kwa kuwatendea haki, hawakuukimbia mchezo: mwaka uliofuata walipeleka mtoto mwingine, akaimba kwa Kiwelshi vilevile. Basi siku Tanzania ikialikwa kokote, Arusha imtoe mtoto anayeimba vizuri, afundishwe wimbo wake kwa Kiswahili au kwa Kimeru, na kabla hajapanda ndege wazazi, wachungaji na maofisa elimu wakubaliane jambo moja: hata akiwa wa mwisho, atapokewa uwanja wa ndege wa KIA kwa matarumbeta yaleyale yaliyokodiwa kwa ajili ya ushindi.