Je, Mtoto Ni Akiba ya Mzazi?

Mama mmoja auzaye ndimu na vitunguu karibu na soko la Kariakoo alinijibu neno ambalo limenikaa moyoni miezi mitatu. Nalimwuliza, "Mama, umeweka nini kwa siku zile ambazo miguu itakataa kusimama?" Akacheka, akasema, "Mchungaji, mimi nimeweka watoto wanne." Waliokuwa karibu wakaitikia, maana ndivyo wengi wetu tulivyolelewa. Nami sikuwa na jibu la mara moja.

Neno lake si la upuzi. Wazee wetu hawakuwa na benki, wala hawakuona haya kulishwa na wale waliowalisha. Tena mali ya biashara si amana ya kutumainiwa sana. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua, na watu waliokuwa wameweka nguvu zao zote katika bidhaa waliamkia majivu. Basi ni nani atakayemcheka mama akisema kwamba mtoto ni amana iliyo bora kuliko gunia la vitunguu?

Lakini mimi nalijua jambo ambalo yeye hakulijua. Mwanawe wa pili, avutaye mkokoteni katika mtaa wa Congo, alikuwa amenijia kabla ya siku ile. Kila mwezi humpa mama yake fedha, hakosi, na mama humsifu mbele za watu. Kazi ilipopungua hakuthubutu kusema, "Mama, mwezi huu sina." Akaenda kukopa mkopo ule ambao mji mzima wauita kausha damu. Alipewa shilingi 100,000, alipe 5,000 kila siku kwa siku 26. Pigeni hesabu: ni 130,000. Hiyo ni riba ya thelathini kwa mia, na mwezi haujaisha. Na kwa kuwa huanza kurudisha kesho yake, fedha ile haimkai mkononi nzima hata siku mbili. Kwa hiyo riba ya kweli ni karibu mara mbili ya hiyo. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni mpaka wa asilimia 3.5 kwa mwezi, na Novemba 2024 ilizipiga marufuku programu 69 za kukopesha kwa simu pasipo idhini. Ila mtu mwenye haja hatazami leseni. Kijana yule alilipa deni la kwanza kwa deni la pili, na la pili kwa la tatu.

Basi mama alikuwa akila deni, naye adhani ala upendo. Na upendo ulikuwamo kweli, ndiyo sababu jambo hili lauma.

Hapa ndipo nilipoanza kufikiri. Mtoto akimpa mzazi wake chakula, hutoa shukrani. Lakini mzazi akisema, "Nalikuzaa uwe akiba yangu," shukrani yageuka kuwa hati ya deni ambayo mtoto hakuitia sahihi, wala hajui kima chake, wala siku ya kuimaliza. Akishindwa huitwa mwovu. Nadhani mzazi ajiwekeaye akiba hamwondolei mtoto wajibu wake. Amrudishia uhuru wa kutoa kwa moyo. Chakula ninachopewa na chakula ninachokidai havina ladha moja, hata vikipikwa katika sufuria moja.

Mtu ataniuliza, "Je, akiba si kukosa imani?" Yusufu aliyekusanya nafaka ya Misri miaka saba hakukemewa kwa neno hilo. Swali lililo gumu zaidi ni jingine: nifanyeje nikiwa na akiba, na ndugu yangu yuko mlangoni? Miaka iliyopita ndugu yangu aliniomba karo ya mtoto wake. Nalikuwa nayo, lakini nalikuwa nimeiweka kwa ajili ya uzee wetu, mimi na mke wangu, nikamnyima. Mtoto akakaa nyumbani mwaka mzima. Hata leo sijui kama nalitenda haki. Kwa hiyo sitawafundisha kwamba kuweka akiba ni wema siku zote. Akiba nayo yaweza kuwa ukuta.

Wengine wasema kwamba mchukuzi hawezi kuweka kitu. Ni kweli kwamba aweka kwa shida. Wanawake wa sokoni wana upatu na vikoba, shule njema ya mkono, lakini fedha za upatu hurudi na kuliwa mwaka ule ule, hazingoji mvi. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1997, wawapokea pia waliojiajiri. Mwenye kuchangia miezi 180 aweza kupata pensheni akifikia umri. Maana yake mtu wa miaka 45 akianza sasa, asiache, atatimiza akiwa na 60. Mwenye 55 amechelewa. Heri aambiwe wazi.

Tena tusiwasemee maskini peke yao, kana kwamba wao tu ndio wenye madeni. Jina la Kariakoo lenyewe latokana na neno la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, waliopiga kambi mahali hapo baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi, na ujira wa wengi waliokufa haukuwafikia jamaa zao. Kila tutajapo jina la soko letu twataja deni lisilolipwa. Nanyi wazee wa usharika, tazameni vitabu vyenu: mwinjilisti aliyetumika miaka ishirini, akipewa posho pasipo mchango wowote wa uzee, ametukopesha sisi. Hatukumwandikia hati, lakini tumekopa.

Kijana nalimshauri amwambie mama yake mwenyewe. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali, mradi niwepo, nao wamenipa ruhusa kuyaandika haya pasipo majina. Aliposema, mama alinyamaza kwa muda mrefu, akizipanga ndimu zake mafungu mafungu, kisha akazipanga tena. Nalidhani atalia au atagomba. Akauliza tu, "Kimebaki kiasi gani?"

Kijana akataja.

Mama akafungua pindo la kanga yake, akaanza kuhesabu.