Kama Kourou hangejua kuimba

Filme «La Vie est belle» ilitoka mwaka 1987, wakati nchi yetu ilikuwa ingali inaitwa Zaïre. Waliyoiongoza ni Ngangura Mweze, mtoto wa Bukavu, na Mbelgiji Benoît Lamy. Papa Wemba, aliyefariki mwaka 2016, ndiye anacheza Kourou, kijana wa kijijini anayefika Kinshasa akitaka kuwa mwanamuziki. Hata leo, wakiiweka katika nyumba, wazee na watoto wanacheka pamoja. Sisi tumejiuliza wanachekea nini.

Tukumbushe kisa. Nvouandou ni tajiri, ana baa ya dansi, lakini nguvu za kiume zimemwisha. Mganga anamwambia aoe msichana bikira na asimguse siku 30. Anamuoa Kabibi. Kumbe Kourou, mwenye kumpenda Kabibi, ni boyi katika nyumba ya tajiri huyo huyo. Mamou, bibi wa kwanza, yeye hakuulizwa kitu.

Ukitoa muziki, ni jambo la kulia: msichana anatolewa sawa vile dawa inanunuliwa. Na kwetu tunaliona bila filme. Tulikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa tano, mwenye akili sana. Kiisha likizo ya Pasaka, nafasi yake ikabaki tupu. Mchuuzi mmoja alikuwa ametoa mali, na wazazi wakapata minerval ya wadogo zake. Hatukuenda kuwaona wazazi wale. Tulisema ni mambo ya jamaa. Neno hilo lingali linatusumbua.

Mwaka ule ule wa 1987, tarehe 1 Agosti, ilitoka Sheria ya Jamaa. Inadai kila mchumba akubali yeye mwenyewe, inakataza wake wawili, na papo hapo inadai mali itolewe. Kuko wanaosema mali ndiyo ubaya wenyewe. Hatukubaliani nao. Mali ilikuwa neno kati ya jamaa mbili. Siku hizi inakuja na liste ndefu, sawa faktire ya magazini, na wajomba wanabishana juu ya viatu na saa. Hapo msichana amekwisha kusahauliwa.

Basi tuliangalia filme hii na darasa la sita. Kourou alipoimba mwishoni, vijana walipiga makofi. Lakini msichana mmoja akanyoosha mkono:

— Prof, na kama Kourou hangejua kuimba?

Wote wakanyamaza. Maana ni kweli, boyi anamshinda patron siku ile anapopata jina. Pengine ndiyo sababu hata wazazi wakali wanaipenda filme hii bila woga: mapendo yanashinda, lakini yanashinda upande wa mwenye kufaulu. Mzazi anaweza kucheka, sababu hakuna mtu anayemuomba amtoe binti yake kwa maskini atakayebaki maskini.

Mvulana mmoja akajibu kwamba Kourou angebaki boyi, na Kabibi angebaki bibi wa patron.

— Basi si Kabibi aliyechagua, msichana akasema.

Tulimwambia kwamba Kabibi alimpenda Kourou tangu hakuwa na kitu. Ni kweli, filme inaonyesha hivyo. Aliandika jibu letu katika daftari, lakini uso wake ulionyesha kwamba halikumtosha.