Walipendwa

Baba mkubwa alipofariki, ndugu walinipa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Hawakujadili sana. Mimi ndiye niliyekuwa chuo kikuu nasoma shahada ya uzamili, kwa hiyo kalamu ilikuwa yangu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba, Kizwite, karibu na moto waliokuwa wakiota wanaume waliokesha msibani, maana baridi ya Ufipa mwezi wa Julai haina mzaha. Nikaandika mwaka aliozaliwa, darasa alilofikia, jinsi alivyojifunza uashi, alivyooa, watoto aliojaliwa, ugonjwa uliomwondoa. Ukurasa mmoja. Ulisomwa makaburini, tukamfukia, tukaanza kurudi.

Njiani wazee watatu wakanisimamisha. Sikuwafahamu. Nikawaamkia shikamoo, wakaitikia, na mmoja wao akaniuliza, "Mwanangu, yale maneno ni wewe uliyeyaandika?"

"Ndiyo, mzee."

"Ni mazuri. Lakini mbona besi hukuitaja?"

Ningesema sikujua, ningekuwa nadanganya. Nikiwa mtoto niliwahi kuliona gitaa lile la nyuzi nne, limefungwa kwenye gunia la mahindi, limelazwa darini. Nilijua kwamba baba mkubwa, kabla sijazaliwa, alipiga besi katika bendi ndogo ya mjini Sumbawanga, kwenye mabaa na sherehe za harusi. Nilijua pia kwamba mama mkubwa hapendi habari hizo zitajwe. Baadaye bendi ilikufa, baba mkubwa akaendelea na uashi, na uzeeni akawa kiongozi wa jumuiya kanisani. Nilipokuwa naandika niliona huyo wa mwisho anatosha. Padri angekuwepo. Nilidhani nalinda heshima ya marehemu.

Wale wazee hawakuja kuniumbua. Walitaka tu kusema, kwa kuwa pale makaburini hakuna aliyewapa nafasi. Mmoja alinieleza kwamba wapenzi wengi wa dansi walimtazama mpiga solo, lakini wao watatu walikuwa wakisimama upande aliosimama baba mkubwa. "Miguu yetu ilikuwa inamsikiliza yeye," alisema. Kisha wakashika njia yao.

Tangu siku hiyo nimekuwa na swali ambalo masomo yangu hayajanisaidia sana kulijibu. Mtu akifa, ni nani mwenye haki ya kusema alikuwa nani? Sisi ndugu tulimjua karibu kwa kila kitu: alivyokula, alivyokasirika, alivyoumwa. Wale wazee walijua jambo moja tu. Lakini hilo moja ndilo ambalo sisi tulilifunga kwenye gunia.

Jibu la haraka ni kwamba msiba ni wa familia. Shabiki anamjua nani? Hajawahi kumuuguza. Hakumkopesha ada ya mtoto. Anachokililia pengine ni ujana wake mwenyewe: shati alilovaa usiku ule, binti aliyecheza naye, magoti ambayo hayakuwa yakiuma. Pingamizi hili lina nguvu, na sidhani tulipuuze. Mashabiki wengi wanaosema "tulimpenda" wanazungumza habari zao wenyewe.

Hata lugha yetu inashuhudia. Nyimbo za zamani tunaziita zilipendwa. Neno zuri, lakini liangalie vizuri. Kinachopendwa humo ni nyimbo. Kiambishi ni zi-, ngeli ya vitu. Waliozipiga hawamo. Hatusemi walipendwa. Na waliopenda ni akina nani? Kitenzi hakiwataji. Tumeunda neno la mapenzi ambalo halina mpenzi wala mpendwa, lina santuri tu.

Kwa wachache hali si hiyo. Mbaraka Mwinshehe, aliyeng'ara na Morogoro Jazz kisha akaunda Super Volcano mwaka 1973, alifariki Januari 1979 baada ya ajali ya gari Mombasa, na mpaka leo jina lake linatajwa na watu ambao wazazi wao walikuwa watoto alipokufa. Muhidini Gurumo alipofariki Aprili 2014, waliomlilia walijua sauti yake, wakajua na njia aliyopita. Lakini waulize mashabiki hao hao ni nani alikuwa akipiga besi nyuma ya gitaa la Mbaraka. Mimi nimewauliza kadhaa. Wanakunja uso, wanatazama juu, wanaanza kuimba wimbo wenyewe kana kwamba jina litadondoka humo. Kwa kawaida halidondoki.

Bendi zetu nyingi ziliundwa hivyo: jina la bendi lilikuwa kubwa kuliko majina ya watu. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika nayo ikabadilika jina, ikawa Juwata, ikawa OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Wanamuziki waliingia na kutoka, vyombo vikiwa mali ya mwenye bendi. Mtangazaji wa redio alitaja bendi na wimbo, wakati mwingine mtunzi na mwimbaji. Kumfikia mpiga besi ilikuwa safari ndefu.

Na kuna sababu nyingine, ya kimaumbile. Uzi mnene kuliko yote katika gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, hutikisika takribani mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo ya redio ya mkulima haiwezi kuitoa sauti nzito namna hiyo ipasavyo. Kwa hiyo maelfu waliojifunza nyimbo hizi kupitia redio za betri walizisikia zikiwa na besi hafifu, wakati mwingine kama kivuli tu. Aliyekuwepo ukumbini aliipata kifuani na kwenye nyayo. Maana yake ni kwamba kazi ya mpiga besi ina mashahidi wachache kuliko ya mwimbaji, na mashahidi wenyewe ni wale waliokuwa wakicheza.

Hapo ndipo ninapoanza kuwaelewa wale wazee. Bendi ya baba mkubwa haikufika Dar es Salaam kurekodi Redio Tanzania, ambako bendi nyingi za wakati ule zilihifadhiwa kwenye tepu. Nyumba alizojenga zipo. Naweza kukupeleka ukaweke mkono ukutani. Besi yake haipo popote isipokuwa katika kumbukumbu za watu wanaozeeka. Hata kama wanaukumbuka ujana wao, yeye amo ndani ya ujana huo, na hana mahali pengine pa kuwepo. Shabiki wa namna hii ni zaidi ya mpenzi wa burudani. Ni shahidi, na shahidi ana wajibu wa kusema na haki ya kusikilizwa, hata kama hakuwa ndugu.

Nilipokuwa nawaza haya nilikutana na habari za Johnny Dyani, mpiga besi wa jazi kutoka Afrika Kusini. Aliondoka kwao mwaka 1964 na kundi la Blue Notes, wakaishi uhamishoni Ulaya. Mwenzao mpiga tarumbeta, Mongezi Feza, alipofariki London Desemba 1975, waliobaki wanne waliingia studio mwezi huo huo wakamwombolezea kwa kupiga. Dyani alikuwa mmoja wao. Miaka kumi na moja baadaye, Oktoba 1986, Dyani naye alifia Berlin Magharibi. Mwaka 1987 waliobaki watatu, Chris McGregor, Dudu Pukwana na Louis Moholo, walirekodi albamu ya kumkumbuka. Kinanda, saksafoni, ngoma. Hakuna besi. Hawakumtafuta mtu wa kuziba nafasi.

Niliisikiliza kwa simu, usiku, nikiwa na vipokea sauti masikioni. Muda wote unasikia mahali ambapo angekuwa. Sijui kama kuna wasifu wa marehemu ulioandikwa vizuri kuliko huo. Wenzake hawakusema alikuwa mtu mwema, wala hawakuficha chochote. Waliacha pengo lake lisikike kama lilivyo.

Wasifu wangu ulifanya kinyume. Niliziba pengo kwa maneno ya adabu, nikalainisha juu kama fundi anayepiga lipu kwenye ufa.

Mwaka uliofuata familia ilipanga misa ya kumbukumbu, na nikaombwa tena niandike maneno machache. Safari hii nilikwenda kwanza kwa mama mkubwa. Nilimkuta barazani anapepeta ulezi. Nikamweleza habari ya wale wazee watatu, nikamwambia nataka kuandika kwamba baba mkubwa alipiga besi, na kwamba kuna watu waliipenda.

Hakunijibu mara moja. Aliendelea kupepeta mpaka nikadhani hakunisikia.

"Hao waliompenda," alisema hatimaye, "walikuwa wanakwenda kulala saa ngapi?"

Nikasema sijui, mama. Pengine alfajiri.

"Na mimi nilikuwa nalala saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja na hoja yangu juu ya mashahidi, nimeipanga vizuri, na sikuwa nimemweka yeye humo. Usiku ule ambao wazee watatu wameutunza kama mali, kuna mtu aliulipia akiwa macho, na mtoto mgonjwa kitandani, na fedha ya bendi isiyotosha hata mafuta ya taa. Naye hakusema uongo alipotaka gitaa likae darini. Kumkumbuka mume wake kama wanavyomkumbuka mashabiki kungekuwa ni kumfuta yeye, kama nilivyowafuta wao.

Nikamwuliza basi niandike nini.

"Andika alikuwa anapiga besi," alisema. "Alikuwa anapiga vizuri, hata mimi nilimwona huko kwenye dansi kabla hajanioa. Lakini andika na kwamba nilikuwa namsubiri."

Nikaandika sentensi zote mbili, moja baada ya nyingine, bila kuweka "lakini" katikati. Siku ya misa zilisomwa. Wazee walikuwa wawili tu safari hii, wameketi benchi la nyuma. Zilipofika, mmoja aliinamisha kichwa. Mama mkubwa, mbele, alikuwa ananitazama kuona kama nitairuka ya kwake.