Ali Yupi?

Ukiniambia Tyson wa 1988 angemlaza Ali, nitakuuliza: Ali yupi? Mwaka 1967, akiwa na miaka 25, alikataa kujiunga na jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Akanyang'anywa mkanda na kufungiwa. Aliporudi ulingoni 1970, miguu haikuwa ile. Mapema mwaka huohuo, sinema zilionyesha pambano la kompyuta kati yake na Rocky Marciano, aliyestaafu bila kushindwa hata mara moja. Kompyuta ikampa Marciano nokauti, raundi ya 13. (Kumbe mashine nayo ina mashabiki!)

Sisi wabishi hupenda kusema "Ali akiwa fiti kabisa". Sawa bana, lakini huyo ni wa miaka 26, pengine 27, na umri huo hakupigana hata mara moja. Ukimrudishia miaka hiyo ili mechi inoge, unapandisha ulingoni mtu aliyekubali kuvaa sare. Huyo mimi simjui.